Meno Yasiyotaniwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili mtaani ni kama fundi wa mifereji: hukumbukwa pakiharibika. Watu huniletea wasifu wa marehemu niunyooshe, risala ya harusi, barua ya kumbembeleza mwenye nyumba. Kwa hivyo daktari wa meno alipobisha mlangoni Jumamosi moja akiwa na bahasha mkononi, nilimpa pole kabla hajaketi, nikamuuliza mazishi ni lini.

Hapakuwa na mazishi. Alikuwa mwanamke kijana, mtafiti, mwenye sauti ya upole ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Ndani ya bahasha mlikuwa na hojaji iliyotungwa ng'ambo kwa Kiingereza. Iliwauliza vijana jinsi meno yaliyokaa vibaya, yaliyopandana, yaliyotoka nje au yaliyoachana, yanavyowasumbua katika kula, kucheka na kuishi na wenzao. Kila jibu lilikuwa na alama. Alama zikiwa nyingi, mtoto anateseka. Zikiwa chache, mtoto yuko salama, aende akacheze. Daktari alitaka maswali hayo yaeleweke na mtoto wa Eastlands bila kamusi, yajaribiwe kwa watoto wa hapa hapa kwetu, na baada ya wiki mbili watoto wale wale waulizwe tena, ionekane kama majibu yanasimama.

Nilikubali kabla hajamaliza chai. Sababu yangu ilikuwa chumba cha pili, imefunga mdomo.

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Ana mdomo mdogo wa upande wangu na meno makubwa ya upande wa baba yake, watu ambao hawajawahi kujua kiasi katika jambo lolote. Meno yake mawili ya mbele yamepandana, na chonge la kushoto limeota juu kwenye ufizi kama mtu aliyechelewa mkutano akakosa kiti. Hilo halikuwa siri, na yeye mwenyewe alikuwa akilitangaza. Kila jioni watoto wa nyumba hizi zetu kuukuu za kanjo, yaani baraza la jiji, hukusanyika pale kwenye tangi la maji kuchongoana. Kwa asiyelelewa huku, mchongoano ni mashindano ya kukejeliana: wewe wanitupia neno, mimi nakurudishia kali zaidi, na wasikilizaji wanahukumu kwa kicheko. Hakuna kukasirika, ukikasirika umeshindwa. Binti yangu alikuwa moto wa kuotea mbali. Mimi nikiwa jikoni juu nilikuwa nasikia kicheko cha tangini na kujua ni yeye amesema.

Halafu akaacha. Akawa anatoka shule anaingia ndani, anakula ameelekea ukuta, akicheka kidogo mkono unaruka mdomoni. Nilimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Nilimuuliza tena kwa hasira, maana mimi hasira zangu ziko karibu, akasema tena hakuna kitu, safari hii kwa adabu zaidi. Niliumia. Mtoto aliyekuwa akiongea mpaka usingizini amekuwa mpangaji kwangu. Ndiyo maana daktari alipotaja maswali ya meno nikasema moyoni, haya, labda karatasi itamtoa neno nililoshindwa kumtoa mimi.

Kazi ya kutafsiri tuliifanya wawili, mimi na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Kwanza kila mtu kivyake, kisha tukutane tugombane. Ndivyo inavyotakiwa, daktari alisema, ingawa neno alilotumia yeye ni kupatanisha. Mzee anapenda Kiswahili kilichovaa kilemba. Mahali palipouliza kama meno yako hukufanya ujisikie vibaya, yeye aliandika, "Je, mpangilio wa meno yako hukutia simanzi?" Nikamwambia, mzee wangu, mtoto wa mtaa huu ukimwambia simanzi atakuelekeza duka la dawa. Akanuna. Akasema tunalea watoto wasio na lugha. Mwisho alikubali maneno yangu, lakini akaomba iandikwe mahali kwamba alipinga.

Kisha tukakwama kwenye tofaa. Hojaji ilitaka kujua kama mtoto hushindwa kuuma tofaa kwa meno ya mbele. Nilimweleza daktari kwamba tofaa likiingia nyumba za huku lina watu watano wanaolingoja, kwa hivyo hukatwa kwa kisu. Hakuna anayeliuma. Mtoto atajibu kwamba hana shida yoyote na tofaa, na atakuwa amesema kweli. Mzee akapendekeza muwa. Daktari akasema muwa huanza kuambuliwa kwa meno ya pembeni, na mzee, ambaye hana hayo ya pembeni, akasema kwake yeye si hivyo. Tulizunguka hapo mpaka chai ikapoa. Hatimaye nikataja muhindi wa kuchoma, na muhindi ukapita bila kupingwa.

Siku ya kujaribisha, nilikusanya watoto sebuleni kwangu, binti yangu akiwa mmoja wao, na daktari akaleta biskuti. Mama yangu, ambaye anaishi nasi tangu alipohama Majengo, alipita katikati yao akienda kwa jirani, leso kichwani, hatua za polepole. Niliona watoto wote wamekaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Nilifurahi. Nilidhani ni adabu.

Mpango ulikuwa kila mtoto ajibu karatasi yake, kisha atueleze kwa maneno yake alivyolielewa swali. Swali la kama hukwepa kutabasamu ukipigwa picha lilijibiwa ndiyo na kila mtu, na nilimwona daktari akiingiwa na huruma mpaka machoni. Msichana mmoja, rafiki ya binti yangu kutoka nyumba ya chini, mtoto wa familia iliyotoka mkoa wa Magharibi, inayoimba kwaya hata ikiosha vyombo, alimwokoa.

"Daktari, hakuna mtu hucheka kwa picha," alisema. "Hiyo ni ushamba."

Tukafika swali la utani: katika miezi mitatu iliyopita, wenzako wamekutania mara ngapi kuhusu meno yako? Majibu yalianzia "kamwe" yakaishia "kila siku". Sijawahi kuona watoto wakijibu swali kwa raha namna ile. Wengi waliweka alama kwenye "kila siku" na kumwonyesha jirani. Mmoja mwenye mwanya aliuliza kama kuna kisanduku kingine baada ya hapo. Daktari alipoomba mfano, wakamwaga. Kuna aliyeambiwa meno yake yametoka nje hadi mvua ikinyesha ndiyo hulowa kwanza. Huyo wa mwanya aliambiwa pengo lake ni kubwa hadi bodaboda hupita na abiria wawili, na alilirudia mwenyewe, kwa vitendo, akiwa yeye ndiye pikipiki.

Daktari hakucheka. Alikuwa akijumlisha alama. Kwa hesabu ya hojaji, sebule yangu ilikuwa wodi.

"Huyu peke yake ndiye aliye sawa," aliniambia kwa sauti ya chini, akanionyesha karatasi ya binti yangu. Kwenye utani, "kamwe". Alama zake zilikuwa chache kuliko za wote. "Hongera mwalimu, mmemjenga vizuri nyumbani."

Nilimtazama huyo niliyemjenga vizuri. Alikuwa ameketi pembeni ya mlango, anakula biskuti nyuma ya kiganja kama anayeiba. Roho iliniuma. Nikamtuma jikoni akaoshe vikombe, na alipotoka nikawageukia wenzake.

"Kwani huyu hamumchongoi?"

Hata biskuti zilisimama. Walitazamana, wakatazama mlango alikotokea mama yangu, wakatazama chini. Msichana wa nyumba ya chini ndiye aliyejitoa mhanga.

"Ni shosh," alisema, yaani nyanya, mama yangu. "Alisema atatusomea."

"Atawasomea nini?"

"Hiyo kitu yao. Halbadiri."

Hapo nilikaa. Kwa watu wetu Halbadiri ni kisomo kizito. Mtu akiibiwa na mwizi hajulikani, akitaja tu kwamba atapeleka jambo Halbadiri, sufuria hurudi mlangoni yenyewe usiku. Kwa watoto ambao si Waislamu, na tangini kwetu ni wengi, jina peke yake linatosha. Wanachojua ni kwamba ukisomewa, unakwisha. Kumbe miezi kadhaa nyuma, jioni moja nikiwa Eastleigh kununua vitambaa, binti yangu alipanda ngazi analia baada ya mchongoano. Mama yangu hakuuliza zaidi ya neno "meno". Alifunga leso kiunoni, akashuka hadi tangini, akawaambia watoto wote kwamba atakayetaja tena meno ya mjukuu wake atasomewa mpaka meno yake mwenyewe yaote mgongoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu. Na kwa sheria za mchongoano, mtu asiyeweza kutupiwa hawezi kutupa. Walimsalimia, wakamwachia nafasi ya kukaa, wakamtunza kama mgonjwa. Akachoka kutunzwa, akabaki ndani.

Nilimfuata jikoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno, lakini yalitoka ya kwangu ya kawaida.

"Siku ile ulilia nini?"

Aliendelea kuosha kikombe kilichokuwa kimeshaoshwa. "Nilikosa jibu," alisema.

"Jibu gani?"

"Walinitupia moja kali, mama. Kali kabisa. Kila mtu akanguruma, na mimi nikakosa cha kurudisha. Ndiyo nikalia. Jibu lilinijia nikiwa tayari nimefika kwa ngazi." Alifuta pua kwa mkono wenye sabuni. "Nilikuwa niwarudishie kesho yake. Lakini nyanya akashuka. Mimi nilikuwa najua meno yangu yamepandana tu. Halafu nikaona mpaka inabidi watu wasomewe. Nikasema basi lazima hii ni kitu mbaya sana."

Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa na kikombe, kwa hivyo nilimkumbatia na kikombe. Kisha hasira ikanipanda, nikaenda kumtafuta mama yangu.

Nilimkuta amerudi, ameketi kitandani anachambua mchele.

"Mama, uliwaambia watoto utawasomea Halbadiri?"

"Niliwaambia."

"Unajua kuisoma?"

"Halbadiri husomwa na mashehe, tena kwa jambo zito. Mimi nitaijulia wapi?" Alitupa chenga pembeni. "Lakini wao hawajui kwamba sijui."

"Mtoto alilia kwa kukosa jibu, mama. Si kwa ajili ya meno."

Mkono ulisimama juu ya ungo. Mjue kwamba mama yangu na mjukuu wake ni watani, kama ilivyo desturi ya nyanya na mjukuu. Humwita "mke mwenzangu" tangu akiwa anatambaa, na marehemu baba yangu alikuwa mume wao wawili, akigombaniwa mpaka mezani. Lakini tangu siku ile ya tangini hata yeye alikuwa ameacha kumtania, na mimi nilidhani ni uzee.

"Ningemtania vipi," alisema nilipomuuliza, "na mimi ndiye niliyeweka marufuku?" Alichambua kidogo, akaacha. "Kumbe alishindwa tu."

"Alishindwa tu."

"Na mimi nikaenda kumtoa uwanjani."

Nilimwambia awaambie watoto marufuku imekwisha, mambo yaishe. Akanitazama kama ninavyotazama insha za kidato cha kwanza. Akasema mtoto akishaogopa, ukimwambia asiogope anaongeza mbio.

Sasa niwaambie kuhusu kikombe. Mama yangu ana meno ya bandia, safu yote ya juu. Siri hiyo tuliijua mimi, binti yangu na kikombe cha udongo ambamo meno hulala usiku. Hana jambo analolilinda kuliko hilo. Akicheka mbele za watu huvuta leso mdomoni, na mtaa mzima husema yule ajuza ana haya, ni wa zamani. Si haya. Ni kwamba gundi huchoka jioni.

Siku hiyo hiyo baada ya alasiri alimwita binti yangu. "Mke mwenzangu, nisindikize chini." Binti alikataa. Akamshika mkono. Mimi nilifuata nyuma, nikisema ninaenda kuanua nguo, ingawa sikuwa nimefua.

Walipofika tangini, watoto walinyamaza wakaanza kuokota viatu. Mama yangu aliketi juu ya kreti la soda.

"Kaeni," alisema. Wakakaa. "Nasikia hapa huwa mnacheza. Basi leo naanza mimi." Akamwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Mnamwona mke mwenzangu huyu? Meno yake yanasukumana pale mbele kama wanawake wa Gikomba siku ya kufungua bale la mitumba. Kila jino linataka koti."

Hakuna aliyecheka. Kaka mmoja alimziba mdogo wake mdomo, asije akacheka kwa bahati mbaya akaota meno mgongoni. Nilimwona binti yangu mkono umeganda mdomoni, macho yamejaa, na nikajua akilia sasa basi, hatashuka tena ngazi zile, na tutakuwa tumemzika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Nilijuta hata kumfungulia mlango daktari.

Mkono ulishuka polepole.

"Nyanya yangu," alisema, na sauti ilikuwa na kutu ya miezi, "ni mkali hadi meno yake humwogopa. Akilala tu, yanatoka yanaenda kujificha kwa kikombe."

Watoto walitazama mdomo wa mama yangu. Na mama yangu, mkono wake ulikuwa tayari umeivuta leso, imefika kidevuni. Aliishikilia pale. Mimi mwanawe nilikuwa sijui atafanya nini. Halafu aliiachia, akacheka. Alicheka mdomo wazi, mpaka safu ya juu ikateleza, akaikamata kwa kidole gumba na kuirudisha mahali pake mbele ya mashahidi wote, na bado anacheka. Hapo ndipo tangi lilipolipuka. Waliruka, waliangukiana, mwenye mwanya alikimbia akazunguka tangi akarudi. Binti yangu alisimama katikati yao, mikono yake miwili iko kiunoni.

Walipotulia, msichana wa nyumba ya chini aliinua mkono kama yuko darasani.

"Shosh, naweza?"

"Sema mjukuu wangu. Nimeshafungua."

Akamgeukia rafiki yake. "Meno zako zimejaa hadi ulimi hulala kwa jirani."

Nililia. Sitaki kujifanya. Nilisimama kwenye kamba isiyo na nguo nikalia, kwa sababu mtoto wangu ametukanwa.

Daktari nilimpigia simu nikamweleza kwamba swali lake la utani huku kwetu linasoma kinyume: anayetaniwa ana watu, asiyetaniwa ndiye wa kutazamwa. Alinisikiliza kwa ule upole wake. Akasema ataliandika kwenye maelezo, ila swali haliwezi kuondolewa ovyo, maana majibu yatalinganishwa na ya nchi nyingine. Nilijua hajaamini. Hata mimi ningekuwa na bahasha ile nisingeamini.

Wiki mbili zikaisha, akaja na karatasi mpya na biskuti zile zile. Watoto walijibu. Mama yangu alipita kwenda kwa jirani na safari hii walimwuliza kikombe hakijambo. Daktari alikusanya karatasi, akalinganisha, na alipofika ya binti yangu nilimwona anairudia. Akaniita kando ya dirisha.

"Mwalimu," alisema, "sijui niseme vipi. Hali ya binti yako imeharibika sana. Ameweka 'kila siku'." Alinishika mkono. "Kumetokea jambo hapa nyumbani?"

Nilimwambia amuulize mwenyewe.

Alimwita, akachutama ili walingane, ingawa binti yangu ni mrefu kuliko yeye hata daktari akisimama wima. "Ni nani wanaokutania kuhusu meno?" aliuliza polepole.

"Wote," alisema binti yangu. Alitabasamu, na yote yakaonekana, yale mawili yaliyopandana na chonge lililokosa kiti. "Hata nyanya."

Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye, akayatazama yale meno bila karatasi kwa mara ya kwanza. Akaanza kutabasamu naye. Ana meno mazuri, daktari yule, yamenyooka kama ilivyotarajiwa. Binti yangu aliyachunguza kwa makini ya mtu wa kazi.

"Na wewe, daktari," alisema, "meno yako zimenyooka hadi ukicheka watu husimama wima wakidhani ni wimbo wa taifa."

Sebule nzima ilinguruma. Mwenye mwanya alisimama wima, mkono kifuani. Daktari alitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake, kisha akanigeukia mimi, uso umemwiva, kama mwanafunzi aliyeulizwa asichosoma.

"Sasa mimi najibu nini?" aliuliza.

Kabla sijasema kitu, binti yangu alimsogezea kiti na sahani ya biskuti. Akamwambia asiwe na haraka, na kama jibu litamjia akiwa ameshafika kwenye ngazi, arudi tu, watamngoja.